Ungo Juu ya Boneti

Harufu ya petroli iliyochanganyika na pumba za mpunga bado inanirudisha uani kwetu Ilembo, msimu wa mavuno nilipokuwa binti wa miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akatuachia pikapu ya bluu ambayo mama aliiendesha mwenyewe, akibeba mpunga wa wakulima kutoka Sitalike hadi mashine za kukoboa za Mpanda mjini. Pikapu hiyo ndiyo iliyotulisha. Msimu ule ikaanza kutetemeka: ikisimama injini ikiwa inawaka, kwenye sailensa kama mafundi wanavyosema, milango iligongagonga na kioo cha pembeni kikacheza hata usione kilicho nyuma. Fundi mmoja mjini aliisikiliza huku akitafuna muwa, akasema injini imekwisha. Baba mdogo hakungoja kuambiwa mara mbili. Alifika Jumapili baada ya ibada, mnunuzi akiwa nyuma yake. "Shemeji, uza hiyo takataka. Gari siyo kazi ya mwanamke." Nilimchukia siku ile, na sioni aibu kusema.

Mama alikuwa anapeta mchele. Aliinuka na ungo wake, akauweka juu ya boneti, akawasha gari. "Wewe angalia mchele, usiangalie watu," aliniambia. Punje zilirukaruka ungo mzima. Alipokanyaga mafuta kidogo, zikatulia. Kisha akamwamuru baba mdogo apande, tukashika barabara ya Sitalike, mimi nimepakata ungo. Kadiri mwendo ulivyoongezeka, punje zililala kimya. Kilima tulikipanda bila injini kukatakata, kwa hiyo plagi zilikuwa nzima. Tulipoanza kuteremka mama akatia gia huru. Gari lilikuwa bado linakimbia, lakini injini ilirudi kwenye sailensa, na punje zikaanza kuruka tena. Basi magurudumu hayakuwa na kosa, wala shafti. Tetemeko lilifuata injini tu. Nikakumbuka jinsi ungo unavyochezacheza nikiushika kwa mkono mmoja, nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Mama, injini haijafa. Haijashikwa vizuri!"

"Nyie watoto wa siku hizi," baba mdogo akacheka. Mama alisimamisha gari pembeni, akafungua boneti, akaingiza mkono chini. Raba moja inayoshikilia injini kwenye chasisi ilikuwa imelowa oili na kuchanika kama kandambili kuukuu. Baba mdogo aliitazama, akasema tumebahatisha. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, shemeji," mama alimjibu. "Gari haliuzwi." Keshoye tulifunga raba mpya, na msimu ule hatukukosa safari hata moja.

Leo nina gereji yangu hapa Mpanda, na kompyuta ya kupimia magari ninayo. Mambo mengi yamebadilika. Barabara ya Sitalike si ile, na mama sasa hupeta mchele amekaa kwenye kiti. Watu ndio hawajabadilika sana. Wiki iliyopita mwanamume mmoja aliingia na gari linalotetemeka, akanipita nikiwa na ovaroli iliyojaa grisi, akauliza, "Fundi yuko wapi?" Nilimwambia aache injini ikiwaka, nikashusha ungo ukutani.