Chafya Siku ya Fainali

Kwa ukoo wa mume wangu, mtoto mchanga huitiwa majina ya wafu. Wanawake wazee huyataja moja moja, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi mwenye jina hilo ndiye amerudi. Mtu aliye hai haitwi. Mimi kwetu si huko, nimelelewa kanisani, na nilidhani ni mchezo wa wazee. Sasa sicheki.

Mwanangu alikuwa na siku nne. Mama mkwe na shangazi ya mume wangu walikuja kutoka Kesses hadi nyumba yetu ya kupanga mjini, mtaa wa West Indies, na kopo la tumbaku ya kunusa. TV tuliiacha imewaka bila sauti, kwa sababu alasiri hiyo ya Alhamisi mume wangu alikuwa anakimbia fainali kule Asia, kwenye ile michezo yao mikubwa ya bara zima.

Jezi haikuwa yetu. Hapa Kenya timu ya taifa inachukua watatu kwa kila mbio, na yeye alikuwa wa nne mara mbili. Nchi moja ndogo yenye mafuta, isiyo na wakimbiaji lakini inayotaka bendera yake ipande mbele ya majirani, ikamchukua. Ikampa pasipoti na mshahara, ikamvua jina. "Ni karatasi tu," aliniambia. Karatasi! Na mimi nina mimba yake.

Shangazi alimpakata mtoto, mama mkwe akaanza. Babu. Ndugu ya babu. Yule aliyepigwa na radi. Yule aliyezama. Tumbaku ikapitishwa karibu na pua. Mtoto alitutazama tu, kama mtu anayengoja wengine wamalize kuongea.

"Mkaidi kama mama yake," shangazi akasema.

"Afadhali mkaidi kuliko kujiuza," nikamjibu.

Kwenye TV mume wangu akashinda. Wapangaji wa ploti nzima wakashangilia kana kwamba ni Kenya. Nikaongeza sauti. Mtangazaji alipayuka jina refu ambalo hakuna mtu wa nyumba ile angeweza kulitamka. Baadaye kidogo mume wangu akapanda jukwaani, wimbo wa taifa lile ukapigwa, na midomo yake ikaufuata. Alikuwa anaujua wote.

"Wanaita nani?" mama mkwe akauliza.

"Mtoto wako, mama."

"Wangu hana hiyo jina."

Wafu walikuwa wameisha. Shangazi akacheka: "Basi tuite yule aliachwa airport." Akalitaja jina la zamani la mume wangu.

Mtoto akapiga chafya. Mara mbili.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama mkwe alijaribu kufunika kopo, kifuniko kikamshinda. Nje jua lilikuwa kali, watoto wanacheza kwenye kamba za nguo.

Simu ikalia. Ni yeye, kwa video, medali shingoni.

"Mama, umeniona?"

Mama mkwe akageukia ukuta. Ikabidi mimi nimweleze. Akasema, "Mpeni lingine. Hilo bado ni langu."

"Unalitumia wapi?"

Kabla hajanijibu, mtu nyuma yake akaita lile jina refu. Mume wangu aligeuka mara moja, bila kufikiri, kama mtu aliyezaliwa nalo. Simu ikabaki inanionyesha dari.

Wiki iliyofuata nilienda kuandikisha mtoto. Mama mkwe alikataa kunisindikiza. "Ukiandika hivyo, unanizikia mtoto," alisema. Nikaandika. Karani, mama wa huku huku, akasoma jina la mtoto, akasoma la baba, akaona ni lile lile. Akaweka kalamu chini.

"Pole, mama. Alifariki lini?"

"Alhamisi," nikamwambia. "Saa tisa alasiri. Alikuwa wa kwanza."

Akanishika mkono. Nikamwacha aushike.