Sista Nusu Saa na Mume wa Mlangoni

Wodini walimwita Sista Nusu Saa, kwa kuwa kila alipoulizwa anatoka lini alijibu, "Nusu saa tu, namalizia mafaili." Zamu yake iliisha alasiri. Nusu saa yake iliisha magharibi.

Kazi ya uuguzi ina pande mbili: kumhudumia mgonjwa, na kuandika kwamba umemhudumia. Upande wa kwanza aliuweza. Wa pili ulimweza yeye. Chuoni alifundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika, akalishika neno hilo kama kiapo, kisha akalitilia nakshi. Wenzake walipoandika "amekula," yeye aliandika kwamba mgonjwa amekunywa uji kwa utulivu, akabakiza kidogo kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Lisingekuwa neno, ila alikuwa na mume, na mume alikuwa mwokaji mikate aliyeingia kazini jua likizama. Ndoa yao ilikuwa imehamia mlangoni: mmoja akiingia, mwingine akitoka, "Pole na kazi," "Haya, kazi njema," na sahani iliyofunikwa mezani. Jioni moja mume alisimama kizingitini akasema, bila hasira, na hapo ndipo palipouma: "Mke wangu, siku hizi namjua muuza unga kuliko ninavyokujua wewe."

Sista hakulala vizuri. Kesho yake akaanza kutafuta njia ya mkato.

Kwanza aliandika vipimo kiganjani, avinakili baadaye. Lakini muuguzi hunawa kila anapomgusa mgonjwa. Kufikia mchana, joto na presha za wodi nzima zilikuwa zimeteremka kwenye sinki. Akarudia kupima wote.

Njia ya pili aliiazima kwa wenzake: kuandika asubuhi yatakayotokea mchana. "Amepumzika vizuri, hana malalamiko," aliandika juu ya bibi wa kitanda cha dirishani. Mchana huo bibi alilalamikia mto, feni, jirani na serikali, kwa mpangilio huo. Matroni alisimama pembeni, faili mkononi.

"Sista, huyu ndiye asiye na malalamiko?"

"Ndiye, matroni. Asubuhi alikuwa bado anajipanga."

"Kata, tia saini, andika upya. Na usirudie, utaniulia mtu."

Hakurudia. Alichukua toroli ya dawa, akapanga mafaili juu yake, akaapa kutoondoka kando ya kitanda kabla hajamwandika aliyelala hapo. Bibi akamkazia macho.

"Unaniandika nini wewe? Mimi mgonjwa, si mshtakiwa."

"Nakusomea, bibi." Akasoma kwa sauti ya chini, maana siri ya mgonjwa ni siri. "Presha imeshuka. Chakula, amekula nusu."

"Nusu!" Bibi hakuwa na habari na siri. "Nimekula chote!"

"Sahani hii hapa, bibi."

"Basi weka robo tatu, mjukuu wangu, tusigombane."

Ilibaki nusu. Lakini tangu siku hiyo alimsomea kila mgonjwa alichokiandika, na hapo ndipo dawa ilipopatikana, bila yeye kuitafuta. Kumsifia mtu uji wake kwenye karatasi ni rahisi. Kumsomea sifa hizo usoni, yeye bado anafuta mdomo, kunahitaji moyo wa jiwe. Insha zilianza kunyauka. Utulivu uliondoka, sababu zikaondoka, ikabaki nusu, robo, presha, joto. Wagonjwa walisahihisha palepale, na hakuna aliyehitaji kukumbukwa tena jioni.

Alasiri moja alikabidhi zamu, akatafuta faili la kumalizia, akalikosa. Matroni alimgusa paji la uso.

"Unaumwa?"

"Hapana. Naenda nyumbani."

Mume alikuwa anapiga pasi shati lake la kazi. Aliutazama mlango, akaitazama saa ya ukutani, akaanza na jambo la busara.

"Wamekufukuza?"

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Kazi, baba. Sogeza kiti."

Akasogeza viwili. Alikuwa na habari ya mashine mpya ya kukandia unga, inayorukaruka sakafuni kama mbuzi aliyefungwa, ambayo kwa muda mrefu hakuwa amepata wa kumsimulia. Alipofika pale fundi anapoikalia ili itulie, kichwa cha mkewe kilikuwa kimeshaangukia bega lake, naye anakoroma taratibu.

Mume akapunguza sauti, lakini hadithi aliimaliza yote.