Maji Ndani ya Tangi la Serikali

Mwaka 1965, nikiwa na miaka kumi na tano, ng'ombe wa baba walikwisha kwa ugonjwa, nami nikaachia shule darasa la tatu. Nikatoka Segese kwa miguu mpaka Shinyanga mjini kutafuta kazi. Sikuwa na mjomba ofisini. Ninyi mnaoingia kazini kwa kupigiwa simu, hapo someni mara mbili.

Siku ya kwanza Bwana Hasanali, Mhindi mwenye pampu ya mafuta, aliniuliza kama najua kuhesabu.

"Ng'ombe nahesabu."

Akacheka, akanipa dipu, yaani fimbo yenye alama unayoizamisha tangini kuona mafuta yamefika wapi. Akanifundisha kupaka sabuni ya mche kwenye ncha. Maji hukaa chini ya dizeli, nayo dizeli haiondoi sabuni. Sabuni ikiyeyuka, ujue chini kuna maji. "Fimbo bila sabuni iko mwongo," alisema kila asubuhi mpaka akanichosha.

Baadaye mafuta yakawa ya serikali. Pampu ikachukuliwa na shirika, Hasanali akafunga virago, mimi nikapelekwa Geita kuwa mpimaji wa bohari. Sidanganyi, nilifurahi. Tuliambiwa mali ni yetu, na niliamini kuliko wale waliokuwa wakituambia.

Kisha dizeli ikaadimika. Hupati bila kibali, karatasi yenye mhuri wa wilaya, na mwenye mhuri yuko semina. Malori ya pamba yalikaa foleni siku nne, madereva wakisonga ugali chini ya matela.

Asubuhi moja dipu ilionyesha tangi limejaa, wakati wiki nzima hatukupokea mafuta. Nikapaka sabuni. Ilitoka yote, shubiri mbili nzima. Nikaenda kwa Meneja wa Bohari, msomi wa kufunga tai kwenye jua la Geita.

"Bosi, tangini mna maji."

"Maganga, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Basi la tatu lisome fimbo, mengine niachie. Fungua pampu."

Nikafungua. Hilo kosa ni langu na sitalibandika kwa mtu.

Malori mawili yalizimika njiani, mvua ikainyeshea pamba ya wakulima. Dereva mmoja, Masanja, alirudi kwa miguu na matope hadi magotini.

"Wangaluka, bhabha!" alinisalimu kwa Kisukuma mbele ya foleni yote. "Lori langu umelinywesha maji, ulidhani ni dume la babako?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Akaja Mkaguzi kutoka mkoani. Nikamwonyesha sabuni mara tatu. Nikamwambia na lile ambalo Geita nzima ililijua: dizeli ilikuwa ikienda kwa wanunuzi wa dhahabu, kuendesha pampu za kukausha mashimo, na pengo likajazwa maji. Alisikiliza vizuri tu.

"Nimeona," akasema. "Lakini shirika haliwezi kuaibika. Weka sahihi kwamba ulisahau kupima. Utapata onyo, kazi yako inabaki, na siku ya kustaafu utapewa cheti cha utumishi mwema."

"Andika nilifungua pampu, nitasaini. Kusahau sikusahau."

"Basi huna kazi."

"Nilikuja pekupeku, bwana. Leo naondoka na viatu."

Masanja naye alifukuzwa, eti kaua lori. Meneja alihamishwa, akapandishwa cheo. Hasira ile ninayo hadi leo, na msiniambie nisamehe.

Miaka ya themanini ikielekea mwisho, biashara ikaachiwa huru. Nikasema sasa wezi watakoma. Kituo kipya kikafunguliwa mjini, nikaenda kununua dizeli ya mashine yangu ya kusaga. Mwenye kituo ni nani? Meneja wangu, safari hii bila tai.

"Karibu, Mzee Maganga! Siku hizi soko huria. Yamepita yale."

"Yamepita kwako. Kamuulize Masanja kama yamepita."

Kwanza mafuta yalikuwa yetu sote, halafu yakawa ya mwenye uwezo, na mara zote mbili ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu yule yule.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma Kalangalala, vyumba vitano. Nina ng'ombe kumi na mmoja, ekari sita za mpunga, mashine ya kusaga, baiskeli mbili, na watoto saba, wote wamelivuka darasa la tatu. Cheti cha utumishi mwema sina.