Muuza makala na mashine yake ya hewa

Siku muuza makala, yaani makaa ya kupikia, alipoleta nyumbani mashine ya kusafisha hewa, mtaa wake wa Katuba ulipata cha kucheka, na wa kwanza kucheka alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Léonie aliingia uani na katoni kichwani, shingo imenyooka kama bibi harusi, na masikio bado meusi kwa vumbi la biashara.

"Mama Wivine," jirani yake Honorine alimwita juu ya ukuta, "weye unauzisha moshi, sasa unaleta na ya kuukamata? Ni sawa muganga anauzisha ugonjwa na dawa yake."

"Cheka tu, yaya," Léonie alimjibu, kwa heshima ya dada mkubwa. "Ni ya mutoto."

Na kweli ilikuwa ya mtoto. Exaucée, mjukuu wake wa miaka sita, alikuwa anakohoa tangu baridi ya Juni ianze. Mama yake, Wivine, binti wa Léonie, alikuwa mpishi katika kambi ya mgodi huko Kolwezi, na mtoto alilelewa na bibi. Muuguzi wa zahanati alisema kifua hicho kinataka hewa safi. Wivine aliposikia, akapiga simu: "Mama, kama kikohozi haiishe, nitamutuma kwa Papa."

Kwa Papa. Maneno hayo mawili yalimkaba Léonie kuliko moshi wowote. Papa ni Casimir, fundi wa mabehewa ya reli, aliyekula bukari, ugali wa Léonie, kwa miaka ishirini na kuvaa mashati aliyomnyooshea kwa pasi ya makala, halafu asubuhi moja akagundua kwamba nyumba inanuka makala. Makala hayo yalipolipa shule ya watoto, pua ya Casimir ilikuwa imeziba. Ilizibuka alipokutana na Syntiche wa mtaa wa Golf, mwanamke mwenye jiko la umeme. Léonie alikuwa amekwisha kutoa mume, kiti kikubwa cha sebuleni na sufuria mbili nzuri. Mjukuu hakuwa tayari kumtoa.

Ndiyo maana alishuka mjini na kuingia dukani, akasimama katikati ya friji na pasi, akijikunyata asimchafue mtu. Muuzaji, kijana mpole aitwaye Clément, alimwonyesha mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa nzuri, nyeupe, na ndani yake mna chujio linalobadilishwa kila baada ya miezi sita.

"Na hiyo filtre inapatikana wapi?"

"Tunaagiza Dubai, mama. Inakuya."

Léonie alilijua neno hilo. Nyumbani kwake kulikuwa na chombo cha kuchuja maji, zawadi ya harusi, kilichongoja kipuri mpaka kikawa pa kuwekea vitunguu. Katika mji huu, kitu kinachongoja kipuri hugeuka fanicha. Tena mashine ambayo kila baada ya muda lazima iletewe kitu kipya ndipo ipumue vizuri ilimkumbusha mtu fulani.

"Na hii ingine?"

"Hii haina filtre hata moja. Iko na mabati ndani, umeme unakamata vumbi pale. Unayatosha mule ndani, unayasafisha na maji, unayakausha, unayarudisha. Ni weye na sabuni yako."

"Sabuni niko nayo," alisema Léonie. Akaichagua hiyo, akarudi na fahari ya mtu aliyeushinda ujanja wa Dubai. Karatasi ya maelezo, kwa kuwa hakujua kusoma, aliikunja mara nne akaitia chini ya mguu mfupi wa meza, na meza ikatulia.

Hapo ndipo akili yake ilipoishia.

Katika nyumba za Katuba kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, migongo ya viti inavyo, hata ndoo ya maji ya kunywa ina kofia ya uzi. Nyumba isiyo na vitambaa watu huuliza kama mwanamke amekufa. Basi Léonie alikaa na sindano yake ya kufumia, akafuma kitambaa cheupe kizito, chenye maua pande zote na mashada marefu hadi chini, akaivisha mashine kuanzia kichwani hadi miguuni. Ilipendeza kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Iliwaka kila umeme uliporudi, ikanguruma humo ndani ya nguo yake, na Léonie aliisikiliza kama mtu anayesikiliza misa.

Baada ya wiki mbili aliyatoa mabati ayaoshe. Yaling'aa kama yalivyotoka dukani. Akayabeba mpaka kwa Honorine.

"Angalia, yaya. Nyumba yangu haina vumbi."

"Hata ya makala?"

"Hata ya makala. Casimir alisema uongo miaka yote."

Honorine aliyageuza mabati mara mbili, akamrudishia.

Kitambaa, kwa upande wake, kilikuwa kinakuwa cheusi. Kila Jumamosi Léonie alikifua, na kila Jumamosi alimgombeza Exaucée.

"Mikono yako hiyo."

"Kambo, mi siguse," mtoto alimwambia bibi yake.

"Basi nani? Mashine inajishika yenyewe?"

Mtoto akakohoa. Magunia ya makala yalipangwa ukumbini, hadi mlango wa chumba walicholala wawili hao, kwa sababu wakati wa baridi wezi hupenda makala kuliko dhahabu. Na jioni mbabula, jiko lenye makaa mekundu, liliingizwa ndani kupasha moto miguu. Léonie alikuwa na sababu nzuri kwa kila kitu. Mtu aliyedhulumiwa huwa nazo nyingi.

Jumapili moja, baada ya misa, Casimir akaja. Alitandika leso kwenye kiti kabla ya kukaa, kiti alichokinunua mwenyewe enzi zile.

"Wivine amenituma. Nimekuja kuangalia mutoto anapumua nini."

"Anapumua hewa ya mashine," alisema Léonie. Akaivua kitambaa, akakitupa mezani, akatoa mabati na kumwekea mbele ya macho. "Ona. Vumbi iko wapi?"

Casimir aliyatazama mabati. Halafu, fundi ni fundi, akakitazama kitambaa. Akakichukua, akaenda nacho mlangoni kwenye mwanga, akakikung'uta mara moja. Wingu jeusi likapanda. Akaanza kucheka, kicheko kirefu cha tumbo, ambacho nyumba hiyo haikuwa imekisikia tangu aondoke.

"Mama Wivine. Batu ba duka bamekupatia mashine bila filtre. Weye ukakaa chini, ukaifumia filtre."

"Nilisema siguse," alisema Exaucée kutoka pembeni.

Léonie alihisi uso unamwaka. Alimgeukia mtoto, akashika viganja vyake vidogo, akavitazama kama mtu anayeviona kwa mara ya kwanza.

"Ni mikono misafi, mama yangu. Kambo ndiye mujinga."

"Basi pakia nguo zake," alisema Casimir. "Tumeona."

"Tumeona vumbi ya kwangu. Ya kwenu bado." Léonie alifungua kabati, akatoa kitambaa kingine, kipya, alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Noeli. "Kitambaa haina mume wa kutetea, haidanganyi. Twala hii. Uitundike kwa dirisha ya chumba mutoto atalala, pale kwa barabara yenu kubwa uliyotuimbia sifa. Musiifue. Mwezi ikiisha, uilete. Kama iko nyeupe, mi mwenyewe nitamuleta mutoto na nguo zake."

Casimir alifikiri. Kila mtu alijua kwamba malori ya mchanga wa migodi yanapita mbele ya nyumba yake mchana kutwa, lakini kukataa kungekuwa kukiri. Akakichukua kitambaa kwa vidole viwili, akaenda.

Kesho yake Léonie na Honorine waliyaburuta magunia mpaka kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, wakayafunga kwa mnyororo kama mbuzi. Mbabula ikabaki nje. Jioni Léonie alijikunyata ndani ya koti zito ambalo Casimir alilisahau, kitu chake pekee kilichowahi kumpasha moto bila kelele. Mashine ikakaa uchi. Baada ya wiki, Exaucée aliosha mabati kwenye beseni na maji yakawa meusi kama kahawa. Léonie hakuwahi kufurahia uchafu kiasi kile. Magunia mawili yaliibwa. Kikohozi kikapungua, kikabaki cha wakati wa kukimbia tu.

Mwezi ulipoisha Casimir alikuja na mfuko wa machungwa, bila kitambaa.

"Kiko wapi?" aliuliza Léonie.

"Syntiche alikifua. Hakujua."

"Kwa nini alikifua?"

Casimir alimenya chungwa. "Kilikuwa na vumbi. Kidogo."

"Kingekuwa cheupe, Papa Wivine," alisema Honorine kutoka ng'ambo ya ukuta, ambako hakuna aliyemwita, "kingefika hapa na fanfare na matarumbeta."

Casimir hakuuliza habari za nguo za mtoto. Alimsikiliza Exaucée akimhesabia namba za shule kwa pumzi moja ndefu, akampa chungwa, akaaga.

Exaucée akabaki. Mashine nayo imebaki, mifupa nje, na mgeni akiingia Léonie bado anaona haya, anasema, "Musiangalie ile, imekataa nguo." Kitambaa cha maua alikifua mara tatu, akakivisha televisheni, ambayo iliungua tangu mvua za mwaka jana. Inangoja kipuri. Lakini angalau haipumui.