Ndagala za Chini ya Gunia

Niliacha shule mapema, kwa hiyo dhamiri yangu haikuharibiwa na masomo. Ilikuwa mpya kabisa, haijatumika.

Wakati huo nilikuwa Minago, kando ya ziwa, nikianika ndagala, yaani dagaa, kwa patroni mmoja, mwimbaji hodari wa kwaya. Mvua ilitukuta ndagala zikiwa bado mchangani. Zikalowa, zikaanza kunuka. Tulipozikausha tena, patroni akaniagiza nizijaze chini ya gunia, kisha juu nimwage zile nzuri.

Mimi ni mtu wa kuuliza. "Patroni, hii si dhambi?"

"Dhambi iko kwa mvua," alisema. "Mimi niliomba jua."

Jibu lenye sala ndani yake lilinitosha. Nikajaza gunia, hata nikajisifu kwa kazi safi.

Saa nne akaja mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka Kivu, ng'ambo ya ziwa, akitaka kuanza kuuza ndagala sokoni Rumonge. Gunia hilo moja lingemeza mtaji wake wote. Kwetu hapo mnunuzi huzamisha mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, akachomoa za chini, akanusa, na hakuna anayekasirika. Yeye hakuzamisha, maana walikuwa wakisali kanisa moja na patroni.

"Wewe ni ndugu yangu katika Bwana," alisema. "Nikupime kwa mukono?"

"Murakoze, dada," patroni akashukuru, ameinamisha macho. Sijaona tena unyenyekevu wenye faida namna ile.

Mama akaanza kufungua fundo la kitenge alimoweka pesa. Hapo mdomo wangu ukasema, bila kuniomba ruhusa: "Mama, ingiza mukono."

Akaingiza. Akanusa. Patroni akaniita nyoka na kunifukuza kazi papo hapo, kwa sauti yake ile ile ya kwaya. Mimi nikamgeukia mama nikingoja shukrani. Nilikwisha kupanga namna ya kuzikataa kwa upole.

"Hizi za chini," akauliza, "nani alizijaza?"

"Mimi, mama."

"Na ulipozijaza pua yako ilikuwa wapi?"

Wanawake waliokuwa wakianika karibu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikatandika turubai, nikamwaga gunia lote. Patroni hakuthubutu kunizuia mbele ya watu. Nikapiga magoti, nikaanza kuchambua. Mama akachuchumaa upande wa pili, na kila ndagala niliyoiita nzuri, akainusa tena.