Mpira Alioupiga Nje

Nilikuwa golikipa wa timu ya wasichana ya Korogwe, mzaliwa wa kambi za mkonge za Ngombezi. Fainali tuliicheza na Handeni kwenye uwanja wao, vumbi likitupanda hadi kwenye meno. Mchezo ukielekea mwisho, bado hakuna aliyefunga, nilitoka golini kuufuata mpira wa juu nikagongana kichwa kwa kichwa na beki wetu mwenyewe. Yaliyofuata siyakumbuki, nayasimulia nilivyosimuliwa.

Nilianguka nikalala kimya. Mwamuzi alikuwa mbali, hakuona. Mpira ukamdondokea mshambuliaji wao, msichana mrefu wa Kimasai, goli likiwa wazi. Uwanja mzima ukapiga kelele afunge. Akaupiga nje kwa makusudi, akanikimbilia, akanilaza ubavu ili nipate hewa. Kipa wetu wa akiba akaingia, na tukawashinda kwa matuta ya penalti. Kombe nililiona nikiwa kitandani hospitalini, kwa jicho moja. La pili lilikuwa limevimba.

Kwao hakupokewa vizuri. Nilisikia wenzake walimnunia, na sokoni watu wakamwita mjinga. Nilimtumia shukrani kupitia kocha wake. Jibu lilikuja fupi: "Mwambie apone."

Baadaye taasisi moja ya soka ilitangaza tuzo ya mchezaji mwenye mwenendo mwema na mafanikio. Alichaguliwa yeye, kwa kuwa mabao pia alikuwa nayo mengi. Sherehe ilifanyika Korogwe, nami nikaombwa nimkabidhi ngao. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza.

Baba yake alikuja amejifunga lubega lake begani, akaketi mstari wa mbele. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeanguka?"

"Ndiye mimi."

Akalitazama kovu usoni pangu kwa muda. "Hicho wanachompa ni cha kufunga magoli?"

"Magoli yamo, mzee. Lakini zaidi ni cha tabia."

"Cha tabia wangempa mama yake," akasema. "Mimi nilikuwa machungani tu."

Msichana alipoitwa jukwaani, mshereheshaji alimwomba aeleze alichofikiri siku ile. Nadhani alitarajia maneno ya kupigiwa makofi.

"Nilitaka kufunga," alisema. "Mguu nilishauvuta. Nikaona macho ya kipa yamegeuka, nikaogopa."

Watu walicheka kidogo. Mshereheshaji akasubiri aongeze neno. Akamrudishia kipaza sauti. Nikapanda nikampa ngao, kioo kizito chenye jina lake. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniinamia sikioni.

"Kichwa bado kinauma?"

"Mara mojamoja, jua likiwa kali."

"Pole," alisema, kama vile yeye ndiye aliyeniumiza. Nilitaka kumwambia mengi, lakini mpiga picha alikuwa akitusukuma tusogee, nikaishia kumshika mkono.

Sikurudi tena golini, daktari alikataza. Msimu mpya ulipoanza nilikuwa benchi, nikiwanoa makipa wadogo, Handeni walipokuja kwetu. Mshambuliaji yule alitufunga mabao mawili. La pili alimzunguka kipa niliyemfundisha mwenyewe, akausukuma mpira wavuni taratibu, kisha akakimbia hadi kwenye kibendera cha kona akishangilia kwa sauti yake yote. Nilihuzunika kwa ajili ya kipa wangu. Kwa yule msichana nilifurahi, ila sikupiga makofi.