Buya na Mafuta ya Jua

Mkono wangu bado unakataa kuandika "marehemu" mbele ya jina la Buya. Jana tulimzika kwao Kilelengwani, na leo asubuhi nimempigia simu. Mazoea tu.

Kwa msiomjua, Buya alikuwa mkulima wa mpunga na alikuwa na ualbino. Watoto wa Garsen wakimwita mzungu, aliwajibu kwa Kipokomo mpaka wakakimbia wakicheka.

Mimi ni CHP, mhudumu wa afya wa kijiji. Ndimi niliyekuwa nampelekea sunscreen ya kukinga ngozi kutoka kliniki. Nikaiita mafuta ya jua, kama tunavyoita sote huku.

Alikuwa mwaminifu kwa ile chupa. Jua likiwaka, anajipaka masikio, shingo na mikono, anavaa kofia yake ya ukili, anakwenda kuamia ndege shambani wasile mpunga. Tukimtania kuwa anang'aa kama andazi, anasema basi leteni chai.

Kila nikipita namwuliza kama mafuta yapo. Yapo tele, anasema. Nami naandika kwenye ripoti kwamba anaendelea vizuri.

Kidonda kilianza nyuma ya sikio. Alidhani ni mwiba, akakifunika kwa kofia miezi mingi. Siku aliponionyesha nilimwandikia referral ya hospitali papo hapo, na nikamgombeza: iweje mtu ana mafuta tele na bado anaungua?

Akanishangaa. "Dada, si ulisema ni ya jua? Masika, siku za mawingu, nilikuwa nayaweka akiba yasiishe."

Miale ya jua hupenya mawingu, huichoma ngozi hata siku ambayo huoni kivuli chako, na ngozi ya Buya haikuwa na kinga yake yenyewe. Nilifundishwa hayo kwenye training. Sikuwahi kumwambia.

Hospitali waligundua ni saratani, na ilikuwa imeshaenea. Wenzangu wa kliniki wananiambia nisijilaumu, saratani ni saratani. Najilaumu.

Jana mazishini kulitanda mawingu mazito. Mdogo wake Buya, Zawadi, mwenye ualbino pia, alisimama kichwa wazi saa nzima. Nikatoa chupa kwenye mkoba. Akanishika mkono, kwa upole tu.

"Weka, dada. Leo hakuna jua."

Nilimpaka pale pale mbele ya waombolezaji, masikio na shingo, huku nalia.

Buya, ndugu yangu, uliniamini neno kwa neno. Nisamehe. Pumzika salama.